Mapipa manne ya Kampemba: magazinia aliyefukuzwa bila kuulizwa

Mapipa manne ya mafuta ya injini yalikosekana kwenye dipo la vipuri vya mgodini huko Kampemba, Lubumbashi. Hilo halina ubishi. Stoo ilihesabiwa Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, mhasibu akatia saini, mkuu wa dipo akatia saini. Karatasi ikasema kwenye kitabu kuna mapipa kumi na moja, lakini chini ya paa yamekutwa saba. Funguo zilikuwa kwa magazinia, yaani mtunza stoo, mtu wa Katuba mwenye watoto watano. Mwezi ulipopita kidogo tu, hakuwa tena na kazi.

Kila aliyesimuliwa kisa hiki aliuliza jambo lilelile: aliiba au hakuiba? Jina la mtu likichafuliwa kwenye mtaa, hakuna swali lingine linalosikika. Lakini ukifungua faili mbele ya mkaguzi wa kazi, swali hilo linakuja nyuma ya mengine mawili. Mwajiri alimjulisha nini, lini, na kwa karatasi gani? Na kabla ya kumwondoa, alimwuliza? Kampuni ilikuja ikiwa tayari kubishana juu ya wizi. Faili yake iliharibika kwenye hayo mawili ya mwanzo.

Kwanza yaliyotokea, kwa mpangilio wake.

Jumanne tarehe 10 Septemba mkuu wa dipo alimsubiri mlangoni, akachukua funguo, akamwambia: "Enda kwanza ku nyumba, papa, tutakuita." Hakupewa barua yoyote. Wiki iliyofuata aliitwa kweli, akamkuta mhasibu ameshika karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa barua ya kuacha kazi kwa hiari, yenye jina lake chini, imebaki saini tu. "Tia sinyatire, tusifike ku parke," yaani kwa waendesha mashitaka. Akakatala. Wakamwambia arudi nyumbani, wataona.

Ijumaa tarehe 11 Oktoba aliitwa tena, akapewa bahasha. Ndani mlikuwa na barua yenye tarehe ya 25 Septemba, ikisema mkataba wake umevunjwa mara moja, bila preavisi, yaani bila notisi ya mapema, "kwa kupoteza imani kufuatia matukio yaliyotokea dipo". Mapipa hayakutajwa, wala idadi, wala siku ya hesabu. Alipoombwa kutia saini kopi ya kampuni, aliandika kwa mkono wake kwanza, "Nimepokea leo tarehe 11/10/2024", ndipo akasaini, kisha akapiga picha kwa simu. Ujanja huo alifundishwa na shemeji yake, mzee aliyestaafu SNCC, kampuni ya reli, ambaye katika maisha yake ya reli aliona barua nyingi zenye tarehe za kurudi nyuma. Maneno yale manne, kwa maoni yangu, yalibeba nusu ya kesi.

Sasa sheria. Sheria ya Kazi ya Kongo ni ya namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kifungu cha 62 kinasema mkataba usio na muda maalum hauvunjwi na mwajiri ila kwa sababu halali, inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi kazini, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Sheria hiyohiyo inataka kuvunjwa kwa mkataba kuandikwe, na kama anayevunja ni mwajiri, barua itaje sababu waziwazi. Kifungu cha 72 kinampa kila upande haki ya kuvunja papo hapo, bila preavisi, pale mwenzake anapofanya kosa zito, yaani kosa ambalo kwa uaminifu wa kawaida huwezi kumlazimisha mtu aendelee kufanya kazi na aliyelitenda. Ila haki hiyo ina saa yake. Anayetaka kuitumia lazima amjulishe mwenzake kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua mambo anayoyalalamikia. Akitaka kufanya uchunguzi kwanza, anaweza kumsimamisha mfanyakazi, lakini kusimamisha huko nako kunatakiwa kujulishwa ndani ya siku mbili za kazi.

Tuhesabu. Kampuni ilijua tarehe 9 Septemba, na karatasi ya hesabu yenye saini mbili inathibitisha hivyo. Ukihesabu kuanzia kesho yake na kuweka Jumamosi kama siku ya kazi, siku ya 15 inaangukia Alhamisi tarehe 26 Septemba. Ukiziondoa Jumamosi zote, kwa kumpendelea mwajiri kadiri inavyowezekana, unafika Jumatatu tarehe 30 Septemba. Barua ilipokelewa tarehe 11 Oktoba. Kwa hesabu yoyote, muda ulikwisha.

Ndiyo maana barua ile ilikuwa na tarehe ya 25 Septemba. Aliyeiandika alijua saa inaenda, akaweka tarehe ya siku moja kabla ya mlango kufungwa. Tatizo ni kwamba saa haisimami barua inapoandikwa. Inasimama mwenzako anapojulishwa. Barua iliyolala kwenye droo haimjulishi mtu. Mwakilishi wa kampuni alidai ilipelekwa nyumbani Katuba mapema, ila jamaa hakupatikana. Hakuwa na karatasi ya posta wala saini ya jirani, na hakukumbuka jina la mpelekaji. Mkononi mwetu, tuliomtetea magazinia, kulikuwa na picha ya kopi ya kampuni yenyewe, imeandikwa tarehe 11/10/2024 kwa wino wa bluu.

Kampuni ikajaribu njia nyingine: uchunguzi ulikuwa unaendelea, ndiyo sababu ya kuchelewa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kungekuwa na barua ya kusimamishwa kazi ya tarehe 10 au 11 Septemba. "Enda kwanza ku nyumba" haiwezi kuwa barua ya kusimamishwa. Zaidi ya hayo, kauli hiyo iliigeukia kampuni yenyewe. Kama hukumsimamisha kisheria na ukamzuia kuingia, basi wewe ndiye uliyemnyima nafasi ya kufanya kazi, na mshahara wa mwezi ule ni deni lako.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanaotetea wafanyakazi wanaporuka hatua. Kupitwa na siku 15 hakufanyi magazinia kuwa msafi. Kunamnyima mwajiri jambo moja tu: haki ya kumtoa papo hapo bila preavisi. Mwajiri aliyechelewa bado anaweza kusema, sawa, nalipa preavisi, lakini sababu yangu ya kumwachisha ni halali, mapipa yamepotea chini ya ulinzi wake. Hayo ni madai mawili tofauti na hulipwa kwa hesabu mbili tofauti. Nimeona maombi yanayoandika "muda umepita, kwa hiyo kufukuzwa ni batili, kwa hiyo nadai fidia ya mishahara ya miezi 36". Jaji akisoma hivyo anakata kila "kwa hiyo" kwa kalamu yake. Ukitaka fidia ya kuachishwa bila sababu halali, lazima uingie kwenye sababu yenyewe.

Basi tuingie.

"Kupoteza imani" ni hisia ya mwajiri. Inaweza kuwa ya kweli kabisa, na mimi ningekuwa na dipo ningeipata pia. Lakini kifungu cha 62 kinazungumzia uwezo na mwenendo wa mfanyakazi. Moyo wa patro, yaani mwajiri, haumo. Imani iliyopotea lazima isimame juu ya tendo linaloweza kutajwa na kuchunguzwa: siku fulani, kitu fulani, fulani alifanya hivi. Barua ya tarehe 25 Septemba haikutaja tendo hata moja. "Matukio yaliyotokea dipo" yanaweza kuwa wizi, moto, ugomvi au mvua iliyopita kwenye bati. Mwakilishi alipoanza kueleza habari ya mapipa mbele ya mkaguzi, aliulizwa, kwa utulivu tu, kwa nini maelezo hayo hayamo kwenye barua. Hakuwa na jibu, na sidhani lilikuwepo.

Kisha kuna swali ambalo hakuulizwa.

Sheria ya Kazi ya 2002 haijapanga, hatua kwa hatua, jinsi ya kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumwachisha. Mawakili wa waajiri wanalijua hilo na hulisema kwa sauti kubwa. Ila Kongo iliridhia mwaka 1987 Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1982, na kifungu chake cha 7 kinakataza kumwachisha mtu kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea dhidi ya yale anayotuhumiwa, isipokuwa kama mwajiri hangeweza kwa haki kutarajiwa kumpa nafasi hiyo. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 215, inaweka mikataba iliyoridhiwa na kutangazwa kihalali juu ya sheria za kawaida, kila upande ukiitekeleza. Kwa hiyo nafasi ya kujitetea inayo makao yake kisheria hata kama Sheria ya Kazi yenyewe imenyamaza.

Lakini kwenye chumba cha mkaguzi, Geneva iko mbali. Kilicho karibu ni karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye dipo lenyewe. Kanuni za kampuni zilisema kwamba kabla ya adhabu yoyote mfanyakazi ataandikiwa barua ya kuomba maelezo, ile ambayo kila mfanyakazi wa Lubumbashi anaijua kwa herufi mbili, DE, naye atajibu kwa maandishi. Magazinia huyu alishawahi kupokea DE mwaka 2021 kwa kuchelewa kazini dakika arobaini. Alijibu, akapewa onyo, yakaisha. Kampuni iliyoona vema kumwuliza juu ya dakika arobaini haikuona haja ya kumwuliza juu ya mapipa manne. Kanuni hiyo hakuiandika mkaguzi wala Geneva. Waliiandika wao wenyewe.

Wapo wanaosema DE ni desturi tu, karatasi ya kujaza faili, kwa kuwa uamuzi umeshakatwa. Mara nyingine ni kweli, na wafanyakazi wengi huijibu wakijua. Katika kisa hiki, DE ingebadilisha mambo yenyewe. Magazinia alipopewa nafasi ya kusema kwa mara ya kwanza, tayari mbele ya mkaguzi, alieleza kwamba mapipa mawili yalitoka mwezi wa Agosti kwa bo ya muda, karatasi ndogo ya rangi ya waridi ya kutolea mali, kwa amri ya simu ya mdogo wa mwenye kampuni, kwenda kwenye lori lililoharibikia barabara ya Likasi. Bo hizo hubaki kwenye kishikizo cha mkuu wa dipo hadi fakturi itoke. Mkaguzi akaomba kishikizo kiletwe kwenye kikao kinachofuata. Kililetwa. Bo moja ya mapipa mawili ilikuwemo, haijafanyiwa fakturi hadi siku hiyo.

Yalibaki mawili. Juu ya hayo hakuwa na maelezo, isipokuwa kwamba funguo zilikuwa seti mbili na ya pili ililala kwa mlinzi wa usiku. Sitajifanya kwamba hilo lilimaliza shaka. Halikumaliza. Lakini mapipa manne yakiwa mawili, na funguo moja zikiwa mbili, kisa kimebadilika: kutoka kwa mwizi hadi kwa dipo lenye uandishi mbovu. Dakika ishirini za kumwuliza tarehe 10 Septemba zingemwonyesha patro hivyo, labda hata zingemsaidia kujua mawili yaliyobaki yalienda wapi. Kufikia Novemba mlinzi wa usiku alikuwa amekwisha kuacha kazi na kurudi kwao Kasenga.

Neno moja juu ya parke. Kutishia mashitaka ili mtu asaini barua ya kuacha kazi ni mtego wenye meno pande mbili. Saini iliyopatikana kwa vitisho inaweza kupingwa kama ridhaa isiyo huru, lakini kuithibitisha baadaye ni kazi ngumu, ndiyo maana nasema kukatala kwake siku ile kulimwokoa kuliko hoja zozote za kisheria. Na upande wa pili, kampuni kama kweli iliamini ni wizi, ilikuwa na haki ya kushitaki. Ingefanya hivyo, kesi ya kazi ingeweza kusimama ikisubiri ya jinai, kwa kuwa jinai hutangulia. Haikushitaki. Kila ulipopita mwezi bila mashitaka, neno "wizi" lilizidi kuwa jepesi kinywani mwao.

Tulikuwa pia na ubishi wa miaka. Kampuni ilimhesabia kazi tangu Januari 2018, tarehe ya mkataba wa maandishi. Yeye alianza Februari 2016 kama jurnalie, akilipwa kwa siku. Sheria inasema mtu wa kulipwa kwa siku akishafanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, ajira mpya inayofungwa kabla miezi hiyo haijaisha huhesabiwa kuwa ya muda usio maalum. Na pasipo maandishi mfanyakazi anaweza kuthibitisha mkataba wake kwa njia yoyote. Ushahidi ulitoka mahali ambapo kampuni haikutarajia: fishi, yaani kadi za stoo, za 2016 na 2017, zenye saini yake karibu kila siku. Kampuni ilizileta yenyewe, ikitaka kuonyesha jinsi alivyokuwa na mamlaka juu ya mali.

Miaka miwili hiyo ina bei. Preavisi inayotolewa na mwajiri haipungui siku 14 za kazi, na huongezeka siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Kwa miaka 6 ni siku 56. Kwa miaka 8 ni siku 70. Mshahara wake ulikuwa dola 450 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 kama inavyozoeleka, siku 70 zinafika dola 1,211 na kidogo, na siku 56 zinaishia 969. Kwa mtu wa Katuba tofauti hiyo ni karo ya shule.

Juu ya preavisi kulikuwa na mshahara wa tangu Septemba hadi siku ya barua, na likizo ambayo hakuichukua. Haya yalitakiwa kulipwa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kazi kwisha. Halafu ndiyo fidia. Kifungu cha 63 kinasema aliyeachishwa bila sababu halali ana haki ya kurudishwa kazini, na asiporudishwa, tribinali ya kazi humpangia fidia ikiangalia aina ya kazi, miaka ya utumishi, umri na haki alizokwisha kupata. Fidia hiyo haiwezi kuzidi mishahara ya miezi 36. Kwake dari hilo lilikuwa dola 16,200, na shemeji alikwisha kuitangaza namba hiyo kwa ukoo mzima kana kwamba iko benki. Nilimweleza kwamba 36 ni mwisho wa ngazi, na jaji anaweza kusimama kwenye kipandio chochote chini yake. Mtu wa miaka 44 mwenye utumishi wa miaka 8, huku mapipa mawili bado hayana maelezo, sikumwona akifika juu. Hakunifurahia kwa siku kadhaa.

Kupitia kwa mkaguzi hakukwepeki. Mgogoro wa mtu mmoja haupokelewi na tribinali kama haujapitia kwanza upatanisho mbele yake. Na kuna muda wa kuchunga: madai yatokanayo na mkataba hufa baada ya miaka mitatu, lakini madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja. Watu wanaosubiri "patro atulie" hupoteza mshahara wao hivyo.

Kikao cha kwanza kampuni ilimtuma mhasibu asiye na mamlaka ya kukubali chochote. Kwenye cha pili, kile cha kishikizo cha bo, alikuja mwenyewe mwenye kampuni. Alianza na dola 600 na karatasi ya kusaini kwamba mfanyakazi amepokea kila kitu na hadai tena. Mkaguzi alimkumbusha kwamba maneno ya namna hiyo hayamfungi mfanyakazi juu ya haki zake za mkataba. Baada ya bo ile ya waridi kuwekwa mezani, mazungumzo yalibadilika sauti. Walifikia preavisi ya siku 70, mshahara, likizo, na fidia ya miezi sita, yaani dola 2,700, vyote kwa awamu mbili, vikaandikwa kwenye PV, yaani hati rasmi ya mapatano.

Miezi sita ni kidogo. Ningeenda tribinali, na nilimwambia hivyo. Barua ilikuwa mbovu, muda umepita, DE haikutolewa, na nusu ya tuhuma ilijibiwa na kishikizo chao wenyewe. Yeye alihesabu kwa namna nyingine: miaka ya kusubiri, nauli, wakili, na watoto watano. Sikuwa na hoja ya kumpinga kwa hilo.

Kilichochukua muda mrefu kuliko fedha ni cheti cha kazi. Kampuni ilikileta kikiwa na mstari wa mwisho unaosema ameondolewa kwa kosa zito. Mwenye kampuni alishikilia kwamba fedha ametoa, lakini ukweli wake hauuzi. Sheria inataka cheti kionyeshe aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza, bila kuongeza maoni. Mkaguzi hakubishana naye juu ya ukweli. Alimrudishia karatasi, akamwambia PV haitasainiwa mpaka cheti kije kilivyotakiwa. Kililetwa Jumatatu yake: magazinia, tangu Februari 2016 hadi Oktoba 2024, mhuri na saini. Mwaka 2016 waliuandika wao wenyewe, baada ya wiki zote za kuukana.